Chombo cha Chachu cha Mama Maiko

Mama Maiko alihamia Ilembo na mizigo michache, pamoja na chungu kimoja alichokipakata mwenyewe njia nzima kutoka Kasansa. Mwanaye alitaka kiwekwe nyuma ya gari katikati ya magunia ya mpunga, akakataa. Aliposhuka mbele ya nyumba yake mpya, kitenge chake kilikuwa kimelowa mapajani kwa kitu cheupe chenye harufu ya uchachu, na yeye wala hakujali. Nilikwenda kumpokea mimi, Providence, kwa sababu nyumba yangu na yake zinatenganishwa na ua wa minyaa tu. Nilipotaka kumshikia chungu, akaniomba nibebe godoro.

"Humu ndani kuna walio hai," aliniambia. "Wakitikiswa na mgeni wanakasirika."

Nilidhani ananitania. Siku zilivyopita ndipo nilipoelewa kwamba alikuwa anasema juu ya chachu yake, na kwamba juu ya chachu Mama Maiko hatanii.

Jina lake la ubatizo ni Emerensiana. Alizaliwa na kukulia Mpimbwe, akaolewa Kasansa kwa wakulima wa mpunga na mahindi, na mumewe akafariki mapema. Mama mkwe wake ndiye aliyemfundisha kupika pombe ya ulezi, na kwa pombe hiyo alimlea Maiko mpaka akawa fundi ujenzi. Maiko alipopata kazi za kutosha Mpanda mjini, alimjengea mama yake vyumba viwili na banda la kupikia hapa Ilembo, akamwambia sasa apumzike. Mama Maiko alipumzika kwa muda wa kufagia uwanja, kisha akauliza ulezi mzuri unauzwa wapi.

Wapika pombe wengi hapa kwetu hawatunzi chachu. Wanachota machicha ya pombe iliyopita, au wanaomba kwa jirani, wanatia kwenye pipa, halafu wanangoja bahati. Mama Maiko hakuiamini bahati. Chachu yake iliishi muda wote katika kile chungu, kikubwa kama boga, akiilisha uji mwepesi wa mahindi na kiganja cha kimea, yaani ulezi uliooteshwa, ukaanikwa na kusagwa. Alipotaka kupika, aliikuza kwanza humo chunguni mpaka ikavimba na kutoa povu zito, ndipo akaitia katika uji uliokwisha kupoa. Pombe yake ikawa ile ile kila safari. Wanywaji wa Kawajense walikuwa wanatembea mpaka kwetu, na kilabu cha njia panda kikawa kinamngojea yeye kwanza. Wenyewe walisema pombe ya Mama Maiko haina siku mbaya.

Siku mbaya ilikuja kwa njia ya ufa. Asubuhi moja aliinua chungu akakuta chini pamelowa. Alikigeuza, akapapasa, akaona mstari mwembamba kama unywele unaotoka kwenye kitako kupanda tumboni. Aliuziba kwa nta ya nyuki, na nta ikashika kwa muda, kisha ufa ukaanza kuchuruzika tena pembeni ya nta. Nilimkuta amekaa kwenye kigoda akikitazama chungu kwa namna mtu anavyomtazama mgonjwa wa siku nyingi. Alisema mama mkwe wake alikinunua kikiwa kipya mwaka ambao Maiko alizaliwa.

Ikabidi atafute chombo kingine, na hapo ndipo shida yote ilipoanzia. Kwanza alihamishia chachu kwenye sufuria. Baada ya muda sufuria ikawa na vidoa vya kijivu na vishimo vidogo vidogo ndani, na pombe ikawa na ladha ya kulamba kijiko. Mama Maiko alisema chachu ina ukali wake, inakula bati polepole, na mtu anayeinywa atakula bati hilo hilo. Akaitoa. Akaijaribu kwenye kibuyu, lakini shingo ya kibuyu ilikuwa nyembamba, mkono haukuingia kukisugua, na harufu ya zamani ikabaki humo kama mpangaji asiyetaka kuhama.

Wakati huo Mzee Makarius, jirani yetu upande wa bondeni, alikuwa anamwoza binti yake Angela. Alikuja kumwomba Mama Maiko apike pombe ya harusi, na Mama Maiko akakubali kwa furaha kwa sababu Angela alikuwa anamsaidia kuanika ulezi mara kwa mara. Ila chachu ilihitaji nyumba, na haraka. Ndipo shemeji yake Silvesta, mdogo wa marehemu mumewe, alipomletea ndoo ya plastiki. Ilikuwa ndoo nyeupe, nzito, yenye mfuniko wa kubana na mshikio imara. Silvesta aliinunua sokoni kwa watu wanaouza vyombo vilivyotumika, akaiosha kwa sabuni na mchanga mpaka ikang'aa. Alikuwa na moyo mzuri tu. Aliona shemeji yake anahangaika, akataka kusaidia.

Mama Maiko aliinusa, akasikia sabuni. Akaiosha tena kwa maji ya moto, akaiweka juani, kisha akahamishia chachu humo. Chachu ilikua, lakini ilikua kwa uvivu. Povu lilikuwa jepesi na lilikatika haraka. Kwa kuwa harusi ilikuwa imekaribia, aliitia hivyo hivyo katika mapipa ya uji yaliyokuwa yamekwisha tayarishwa, na pombe ikaanza kupanda. Nilionja kidogo nikaona ni nzuri. Yeye alionja akatema.

"Mama Maiko, ina nini?" nilimuuliza.

"Sijui. Haijaniambia bado."

Mtu mwingine angeishia hapo, kwa sababu pombe ilikuwa inanyweka na wageni walikuwa njiani. Mama Maiko alivaa viatu akaenda kwa Silvesta kumuuliza ndoo ameinunua kwa nani. Silvesta akamtajia muuzaji. Muuzaji akasema ndoo zile huletewa na mtu wa bodaboda anayezunguka mashambani. Mtu wa bodaboda alikumbuka ile nyeupe yenye mfuniko wa kubana, kwa sababu ilikuwa nzuri kuliko nyingine, akasema aliinunua kwa mkulima mmoja anaitwa Felisiani, nje kidogo ya mji. Mama Maiko akapanda pikipiki ya mtu huyo huyo, wakaenda.

Nilikuwa naye. Aliniomba niandamane naye, nadhani kwa sababu alikwisha jua moyoni kwamba atahitaji mtu wa kurudi naye. Felisiani tulimkuta akipalilia. Alikuwa mtu mpole, akatukaribisha maji. Mama Maiko alimweleza juu ya ndoo, akamuuliza ilikuwa na nini. Felisiani aliangalia jembe lake, kisha akasema kwamba alikuwa akikorogea humo dawa ya wadudu wa pamba, misimu kadhaa. Aliiuza ilipoanza kumchosha. Hakujua kama ingeingia jikoni kwa mtu. Alirudia maneno hayo mara nyingi, na Mama Maiko akamwambia asijiumize, si yeye aliyeitia chachu humo.

Tukapanda pikipiki tukarudi. Tulipofika, Silvesta alikuwa anatungoja na alikwisha ona kwenye nyuso zetu. Mama Maiko akamwambia. Silvesta alikaa chini. Akaanza kusema kwamba ndoo ilioshwa, tena na tena, kwa mchanga na kwa maji ya moto, na chachu iliyowekwa mle ilikuwa kidogo ukilinganisha na mapipa yale, na watu wangapi wanachotea maji kwenye ndoo za namna ile na hawajafa. Harusi ilikuwa kesho. Wageni wengine walikuwa wamekwisha fika kutoka Mpimbwe. Akasema jambo hili tunalijua sisi watatu tu, na mtu wa shamba na wa bodaboda, ambao hawajui harusi ni ya nani.

Mama Maiko alimsikiliza mpaka akamaliza. Hakumkaripia.

"Shemeji, labda unasema kweli," alisema. "Labda haitamdhuru mtu. Mimi sijui, na wewe hujui. Kwa sababu sijui, siwezi kumpa mtu kikombe."

Kisha akaniomba nimwitie Maiko aje na sepetu.

Nimesikia watu wakisimulia kwamba alimwaga pombe pale pale uwanjani kwa hasira. Si kweli. Asingeweza kuimwaga uwanjani kwa sababu kuku wangekuja kudonoa machicha, na nguruwe wa jirani pia. Maiko alichimba shimo refu nyuma ya banda, mbali na kisima, jua likiwa bado kali. Tulibeba pipa moja baada ya jingine tukamwaga humo, na Silvesta naye akanyanyuka akashika upande wa pipa bila kuambiwa. Harufu tamu ya ulezi ilijaa mtaa mzima. Watu walisimama barabarani wakitazama. Mama Maiko alikuwa anamweleza kila aliyeuliza, kwa sauti ya kawaida, kwamba ndoo ilikuwa ya dawa na yeye hakuuliza mapema. Mwisho kabisa akaleta ile ndoo yenyewe, ikiwa na chachu iliyobaki. Aliishika kidogo mikononi. Chachu ile ilikuwa imeishi mikononi mwa mama mkwe wake na huenda kwa mama wa mama mkwe wake, hakuna anayejua zaidi ya hapo. Akaiinamisha. Alipomaliza, Maiko aliitoboa ndoo kwa mtaimbo ili mtu asije kuiokota, akaitupa shimoni na kufukia.

Baada ya hapo alinawa, akajifunga kitenge kisafi, akaenda mwenyewe kwa Mzee Makarius. Sikuingia naye ndani, lakini Makarius mwenyewe alinisimulia baadaye. Alisema aliona aibu kabla ya kuona hasira, kwa sababu alifikiria wakwe watakavyosema juu ya harusi isiyo na pombe. Mama Maiko hakujitetea. Alimwambia hivi na hivi vimetokea, kosa ni lake kwa kutouliza, pombe ameimwaga, na kwamba kesho watu watakunywa togwa, uji mtamu wa kimea usiolevya. Makarius akamuuliza kama ana hakika. Akajibu kwamba kimea hakikugusa ile ndoo, na mapipa ya togwa ataazima mengine, yale ya maji ya kunywa.

Tulipika togwa wanawake wa jumuiya nzima. Kila mmoja alileta sufuria yake, kuni zake na unga aliokuwa nao. Mama Maiko alikuwa anapita jiko hadi jiko, anachovya kidole, anasema bado au sasa. Ukitia kimea uji ukiwa wa moto mno, unakiua, na uji hauwi mtamu. Ukikitia umepoa sana, togwa inachacha kabla ya kuwa tamu. Yeye alipima kwa kudondoshea uji kwenye kifundo cha mkono, na tulimtii wote, hata wale waliokuwa wanapika togwa kabla yeye hajahamia hapa.

Siku ya harusi, baada ya misa na kabla ya chakula, alisimama mbele ya wageni akaeleza kwa nini hakuna pombe. Wakwe walinong'onezana. Kisha babu mmoja wa upande wa bwana harusi, aliyekuja kutoka Mpimbwe, akaomba kikombe cha togwa, akanywa, akaomba kingine. Ikawa basi. Majirani zetu Waislamu, ambao kwenye harusi zetu hukaa upande wao na soda, safari hii walikunywa tulichokunywa wote. Rahim, mwenye duka la vyombo kule mjini, ambaye sisi tunamwita Baba Naseeb, alimwambia Mama Maiko kwamba miaka yote wamekuwa majirani na ndiyo mara ya kwanza anakunywa kitu kilichotoka mkononi mwake. Mkewe Zuhra aliomba apelekewe nyingine nyumbani.

Ningependa kusema kwamba kuanzia siku ile wateja waliongezeka. Haikuwa hivyo. Watu walimsifu sana, wakamsifu hata kanisani, lakini wakaogopa pombe yake. Jambo la dawa likaenea kuliko jambo la kumwaga. Kilabu cha njia panda kilichukua pombe kwa wengine. Na hata kama wangetaka, Mama Maiko hakuwa na chachu. Alijaribu kupika kwa chachu ya kuomba, pombe ikawa kali upande mmoja na tamu upande mwingine, akawapa majirani bure akaacha. Maiko akarudia kumwambia apumzike. Nilimwona amekaa bandani mikono ikiwa mapajani, na Mama Maiko hana kawaida ya kukaa namna hiyo.

Aliyeleta habari njema ni Angela, bi harusi mwenyewe. Mumewe ni mtu wa Mpimbwe, na Angela alipokwenda kusalimia ukweni alipita Kasansa, akanywa pombe kwa mama mmoja anaitwa Goreth. Alirudi akamwambia Mama Maiko kwamba pombe aliyoinywa kule ilikuwa yake. Siyo inayofanana, alisema, ni yenyewe.

Mama Maiko akaanza kucheka polepole. Alikuwa amesahau. Kabla ya kuhama Kasansa, msichana mmoja aliyekuwa ameolewa karibuni alikuja kumwomba amfundishe kazi, na wakwe zake Mama Maiko walimkataza kwa sababu wangetengeneza mshindani wao wenyewe. Yeye alimfundisha, na siku ya kuondoka akamgawia nusu ya chachu. Hakuchukua kitu.

Alikwenda Kasansa. Goreth alimpokea kwa kupiga magoti, akimwita mama, akamwonyesha chungu chake kilichohifadhiwa kwenye kona ya jiko. Mama Maiko alikinusa akafumba macho. Goreth alimpa chachu, tena akataka kumpa na chungu kipya kilichofinyangwa huko huko, kizuri, cheusi, kilichochomwa vizuri. Hapo ndipo Mama Maiko alipokataa, na alinieleza baadaye kwa nini. Alisema chungu ni rafiki wa chachu, hilo linajulikana, kwa sababu udongo unainywa na kuitunza, na hata ukikiosha bado chachu inabaki ndani ya ngozi yake. Lakini udongo hauchagui. Kikiingia kitu kibaya, nacho kinanywewa na kutunzwa, na jicho halioni. Kwa miaka mingi aliamini pua yake na ulimi wake. Sasa alitaka kuamini macho pia.

"Nataka nyumba yenye dirisha," alisema.

Alirudi na chachu kwenye chupa ya maji ya kunywa, mfuniko ukiwa umelegezwa ili hewa itoke, akiishika mbele yake kama mtoto. Kesho yake tukaenda sokoni, kwenye duka la Baba Naseeb.

Duka lake lina kila aina ya chombo: masufuria yaliyopangwa mpaka darini, ndoo, madumu, vikombe, na kwenye rafu ya juu chupa kubwa za kioo zenye mdomo mpana, zile ambazo watu wa achari hununua. Mama Maiko alinyoosha kidole kwenye chupa hizo. Baba Naseeb alimteremshia moja, akaipangusa vumbi, akamuuliza anataka kuweka nini, kwa sababu kama ni achari kuna yenye mfuniko wa mpira iliyo bora zaidi.

"Chachu ya pombe, Baba Naseeb," alijibu.

Baba Naseeb aliiweka chupa mezani taratibu. Zuhra, aliyekuwa anahesabu vijiko pembeni, aliinua uso. Akasema kwa sauti ya upole kwamba mbona chachu ni ya vitumbua pia, yeye mwenyewe kila siku anaumua unga wa vitumbua, na Mama Maiko angesema hivyo tu mambo yangeisha.

"Vitumbua nitapika, mke mwenzangu," Mama Maiko alisema, na sote tukacheka kwa alivyomwita. "Lakini kazi yangu ni pombe. Ile ndoo iliingia kwangu kwa sababu hakuna aliyesema ilikuwa na nini. Hiki chombo sitaki kukianza kwa kunyamaza."

Baba Naseeb aliuzungusha mfuniko kati ya vidole. Kisha akasema kwamba hawezi kumuuzia. Hakusema kwa kiburi, na Mama Maiko hakulichukua kwa ubaya. Alimwambia ameelewa, dini ni dini, na akashukuru. Tukaanza kutoka. Tulipofika mlangoni, Baba Naseeb akaita, akatoka nyuma ya meza akiwa amevaa kofia yake vizuri.

"Mimi siuzi, Mama Maiko," alisema. "Ila jirani yangu akiniuliza kikombe kipi kimepasuka, nitamwambia. Hilo ni haki yake."

Akatupeleka mtaa wa pili, kwenye duka la mtu mwingine lenye chupa za aina ile ile. Hakuingilia habari ya bei. Alichukua chupa moja baada ya nyingine akazishika juu kuelekea jua, akatuonyesha mapovu madogo yaliyonaswa ndani ya kioo na mistari isiyoonekana ukiwa kivulini. Alisema kioo chenye povu kubwa la hewa karibu na kitako kitapasuka siku moja ukitia kitu cha uvuguvugu. Alizigonga kwa ukucha moja moja, tukasikiliza. Nyingine zililia kwa muda mrefu, nyingine mlio wake ulikatika mara, na hizo aliziweka pembeni. Akamwambia Mama Maiko aingize mkono mpaka chini. Chupa ambayo mkono haufiki kitako asiichukue, maana hawezi kuisugua. Akamshauri aache zenye mabega makali, kwa sababu uchafu hujificha kwenye kona. Mama Maiko naye alimweleza ya kwake: chachu ikilishwa huvimba, hivyo chombo kisijazwe zaidi ya nusu, na kisifungwe kwa kubana, la sivyo kitalipuka. Zuhra, ambaye alitufuata akiwa ameacha duka kwa binti yake Raya, alisema hilo analijua, unga wake wa vitumbua umewahi kupandisha mfuniko mpaka darini.

Walichagua wote watatu. Niliwatazama wameinama juu ya chupa ile, mpika pombe wa Mpimbwe na mwenye duka aliyekuwa ametoka kuswali adhuhuri, na nikafikiri kwamba sijawahi kuona watu wanaoheshimiana zaidi ya hao. Mama Maiko alilipa. Baba Naseeb akarudi dukani kwake.

Nyumbani aliichemsha chupa ile taratibu, akiiweka kwenye maji ya baridi kwanza ili vipate moto pamoja. Alitia uji uliopoa, kimea, kisha chachu ya Goreth, mpaka nusu tu. Juu alifunika kwa kitambaa cheupe alichokifunga kwa uzi, akaikinga na jua ndani ya boksi la katoni. Tulipoifungua baadaye, uji ulikuwa umegawanyika: juu povu, katikati maji ya rangi ya asali, chini tope jeupe laini. Mama Maiko aliinama akaangalia kwa muda. Miaka yote aliyofanya kazi hiyo, alisema, hajawahi kuiona chachu ikiwa tumboni. Alikuwa akiikisia. Sasa anaiona inapopanda na inaposhuka, na anajua saa ya kuitia kwenye pipa bila kuonja.

Wateja walirudi kidogo kidogo. Kwanza walikuja wazee, kwa sababu wazee hutamani pombe nzuri kuliko wanavyoogopa. Aliwaonyesha chupa kabla ya kuwamiminia. Aliwaonyesha pia mapipa, na kila pipa alieleza lilitoka wapi. Kilabu cha njia panda kikarudi. Jambo ambalo hakulitarajia ni kwamba wapika pombe wengine wa Ilembo na hata wa Kawajense walianza kuja kwake na vyombo vyao kuuliza kama vinafaa. Alimrudisha mama mmoja na dumu lake la bluu kwa sababu mwenyewe hakuweza kusema lilikuwa na nini, na yule mama alikasirika, akaenda akisema Mama Maiko amejifanya bwana afya. Wiki ile ile akarudi na dumu jingine, jipya, wala hakuona haya. Mama Maiko alilikagua, akalisifu, akamchotea chachu ya kuanzia.

Baba Naseeb naye alianza kufanya kitu dukani. Madumu na ndoo zilizotumika ambazo hajui asili yake hazichukui tena, hata akiletewa kwa bei ya kutupa. Anasema anachelea mtu mwingine atakunywa.

Silvesta ndiye aliyechukua muda kusamehewa, na siyo na Mama Maiko, bali na nafsi yake. Alikuwa anakwepa kupita kwetu. Mama Maiko alimfuata siku moja akiwa na kazi: alitaka kigoda cha mbao chenye tundu katikati, saizi ya kitako cha chupa, ili chupa isiteleze. Silvesta anajua kuchonga. Alikichonga kwa mbao ya mninga, akakipiga msasa mpaka kikawa laini kama kiganja, akakileta mwenyewe, na wakakaa bandani wakizungumza habari za Kasansa mpaka ugali ukaiva.

Juzi nilivuka ua wa minyaa kwenda kuazima ungo. Mama Maiko alikuwa peke yake, amekaa chini mbele ya boksi lililofunguliwa, macho yakiwa usawa wa chupa. Mapovu madogo yalikuwa yanapanda kutoka kwenye lile tope jeupe, moja moja, kisha kwa makundi. Hakugeuka. Aliniambia tu nikae nitazame, karibu itaanza kuchemka. Nikakaa.